Utunzaji wa Grini za Gofu: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya huulizwa na wachezaji, na vibarua wapya, na wanakamati wanaotaka kujua pesa zinakwenda wapi. Nimejibu kwa kirefu pale penye mengi ya kueleza, na kwa kifupi pale ambapo sentensi mbili zinatosha. Utaona kwamba majibu mengi yanarudi ardhini. Majani unayoyakanyaga ni sehemu ndogo tu ya grini. Kazi kubwa iko chini yake, kwenye mizizi, hewa na maji, na anayeshughulikia majani peke yake hatapumzika.

Grini ni sehemu gani ya uwanja, na kwa nini inatunzwa tofauti na nyasi nyingine?

Ni ile sehemu yenye nyasi fupi kuliko zote, penye shimo na bendera, ambapo mpira huviringishwa badala ya kurushwa. Grini ya kawaida ina ukubwa wa mita za mraba 500 hivi. Ukizijumlisha zote 18 hazifiki hekta moja, na uwanja mzima unaweza kuwa na hekta 50 au zaidi. Lakini katika uwanja wa mapigo 72, hesabu inampa mchezaji mapigo 2 kwenye kila grini, yaani 36, nusu kamili ya mchezo. Mchezaji atasamehe nyasi zilizokauka pembeni mwa njia. Grini yenye mabonde hataisamehe, na ana haki.

Nyasi zake hukatwa zibaki na urefu gani?

Milimita 3 hivi. Wakati wa mashindano makubwa wengine hushuka mpaka 2.5. Uwanja unaokanyagwa na watu wengi kila siku uko salama zaidi kwenye 3.5 au 4. Bandika sarafu mbili moja juu ya nyingine uziangalie kwa ubavuni: nyasi yote ndiyo hiyo.

Mbona hazifi zikikatwa fupi namna hiyo?

Kwanza, si nyasi yoyote inayovumilia. Nyasi za grini hutambaa. Shina hulala chini na kutoa majani madogo mengi karibu kabisa na udongo, hivyo kisu kikipita juu bado yanabaki majani ya kutosha kupokea jua.

Pili, hukatwa mara kwa mara. Kanuni ya nyasi zote ni kutoondoa zaidi ya theluthi moja ya jani kwa mkato mmoja. Kwa nyasi ya milimita 3, maana yake isiachwe ipite milimita 4.5 kabla ya kukatwa tena, na katika msimu wa kukua haichukui muda kufika hapo. Ndiyo sababu mashine hutoka karibu kila asubuhi.

Hata hivyo nyasi inalipa gharama. Jani ndilo jiko la mmea. Likipungua, chakula kinapungua, na mizizi inakuwa mifupi. Kila unaposhusha mashine nusu milimita, umekopa kwenye mizizi. Siku za ubaridi na mawingu deni halionekani. Likija joto kali la wiki mbili, linadaiwa lote kwa pamoja.

Hutumika aina gani za nyasi?

Hali ya hewa ndiyo inayoamua. Penye ubaridi nyingi ni benti, ambayo jina lake la kisayansi ni Agrostis stolonifera, nayo hustawi kwenye nyuzi joto 15 hadi 24 hivi. Aina ya Penncross, iliyotolewa na chuo kikuu cha Penn State mwaka 1955, ilitawala grini nyingi kwa miongo kadhaa.

Penye joto hutumika bermuda, na hapa msomaji wa Kiswahili yuko nyumbani: bermuda ni ukoka. Ni ukoka uleule unaong'olewa shambani leo na kurudi kesho. Aina za kwenye grini zilipatikana kwa kuuchanganya ukoka wa kawaida na ndugu yake mwembamba wa kusini mwa Afrika, Cynodon transvaalensis. Kituo cha utafiti cha Tifton, jimbo la Georgia nchini Marekani, kilitoa Tifgreen mwaka 1956 na Tifdwarf mwaka 1965. Baadaye zikaja zilizo fupi zaidi kama Champion na TifEagle, zinazokubali kukatwa milimita 3 bila kulalamika sana. Pale ambapo maji ya kumwagilia yana chumvi, paspalum ya pwani huvumilia kuliko nyingine zote.

Ipo pia Poa annua. Watunzaji wengi huiita magugu na kuipiga vita maisha yao yote, lakini grini za Oakmont na Pebble Beach, viwanja maarufu vya Marekani, zinajulikana kwa nyasi hiyohiyo.

Chini ya nyasi kuna nini?

Kwenye grini nyingi za kisasa, mchanga. Mwaka 1960 Chama cha Gofu cha Marekani, USGA, kilitoa maelekezo ya ujenzi ambayo mpaka leo ndiyo yanayofuatwa zaidi, pamoja na marekebisho yake: sentimita 30 za mchanga uliochaguliwa kwa ukubwa wa chembe, chini yake sentimita 10 za changarawe, na chini ya changarawe mitaro yenye mabomba ya kutoa maji.

Wengi hudhani changarawe imewekwa ili maji yakimbie haraka. Si hivyo tu. Chukua sifongo iliyolowa uishike ikiwa imelala. Itadondosha kidogo, kisha itatulia na maji yake ndani. Isimamishe wima, na maji yatamwagika upya kutoka ncha ya chini, kwa sababu sasa safu ya maji ni ndefu na uzito wake umeshinda nguvu ya vitundu vya sifongo. Mchanga juu ya changarawe hufanya vivyo hivyo. Chembe ndogo za mchanga hushikilia maji na kukataa kuyaachia kwenye nafasi kubwa za changarawe mpaka yawe mengi. Kwa hiyo baada ya mvua kubwa grini inatoa maji kwa kasi, kisha inabakiza akiba ambayo mizizi itaifikia. Sentimita 30 zilipangwa kwa sababu hiyo. Anayepunguza kina cha mchanga ili kuokoa pesa hujenga grini isiyokauka, na anayeongeza hujenga yenye kiu.

Grini za kizamani zilizojengwa kwa udongo wa mahali hazina haya yote, na baadhi yake ni nzuri sana. Zinahitaji kutobolewa zaidi, basi.

Mashine ya nyumbani ya panga linalozunguka haiwezi kufanya kazi hii?

Haiwezi. Panga linapiga jani mpaka linakatika. Linaliacha limechanika ncha. Grini hukatwa kwa mashine ya silinda: visu vilivyojipinda, mara nyingi 11 au zaidi, vinazunguka na kupita juu ya kisu cha chini kilichotulia, kama mkasi. Wazo hili ni la Edwin Budding, fundi wa Gloucestershire, Uingereza, aliyeunda mashine ya kwanza ya kukata nyasi mwaka 1830.

Ukali hupimwa kwa karatasi. Zungusha silinda kwa mkono, tena kwa uangalifu mkubwa, ukipitisha ukanda wa karatasi katikati ya visu. Ikikatika safi kuanzia mwisho mmoja wa kisu hadi mwingine, uko tayari. Ikikunjwa au kutafunwa mahali, nyasi nazo zitatafunwa mahali hapohapo, na saa chache baadaye utaona grini imepauka. Hiyo nyeupe unayoiona ni ncha za majani zilizochanika na kukauka, na ni mlango wazi kwa magonjwa.

Kwa nini mwelekeo wa kukata hubadilishwa kila siku?

Nyasi ikisukumwa upande mmoja siku zote inalala upande huo, na mpira unafuata. Tunatumia uso wa saa: leo kutoka 12 kwenda 6, kesho 3 kwenda 9, keshokutwa kwa mshazari. Ile mistari ya kijani iliyokolea na iliyofifia ni mwanga tu. Majani yaliyoinama kukuelekea huonekana meusi zaidi, yaliyoinama kwenda mbali hung'aa.

Mzunguko wa mwisho wa ukingoni ndio unaoumiza zaidi, kwa kuwa magurudumu hupita palepale kila siku yakiwa yanakata kona. Uruke siku moja moja. Hakuna mchezaji atakayegundua, na nyasi za ukingoni zitapumua.

Grini ilikuwa nzuri kabisa. Kwa nini mmeitoboa?

Hili ndilo swali linaloulizwa kwa hasira, kwa hiyo nalijibu kwa utulivu na kwa ukamilifu.

Grini inakanyagwa na watu, inakanyagwa na mashine, na kila siku mashina na mizizi fulani inakufa. Mabaki hayo hujikusanya juu ya mchanga na kutengeneza tabaka laini kama godoro la sufi. Kidogo kinasaidia, kwa maana kinapunguza kishindo cha mpira unaoanguka. Kikizidi, kinanyonya maji na kuyashika juu, mizizi inakataa kushuka kwa sababu maji yako hapo hapo juu, kuvu wanapata makao, na mashine inazama na kunyoa nyasi hadi kwenye shina. Wakati huohuo mchanga ulio chini unashindiliwa, na nafasi za hewa zinafungwa. Mizizi inahitaji oksijeni kama wewe.

Tunachofanya ni kupitisha mashine yenye meno matupu kama mirija. Kila jino huingia na kutoka na kipande cha udongo chenye umbo la kizibo. Kwa meno yenye upana wa milimita 12 yaliyoachana sentimita 5 kila upande, kila mita ya mraba hupata matundu 400, yaani matundu 200,000 kwenye grini ya mita 500. Yanasikika kuwa mengi mno, lakini ukipiga hesabu utaona eneo lililoondolewa ni asilimia 4.5 tu. Kisha matundu hujazwa mchanga mkavu, na yakiwa na kina cha sentimita 8 yatakula karibu tani 3 kwa grini moja. Kila tundu lililojaa mchanga linakuwa bomba la hewa na maji. Rudi baada ya mwezi, kata kipande kwa kisu, na utaiona mizizi mipya, myeupe, ikishuka ndani ya matundu hayo kabla ya mahali pengine popote.

Chukua kimoja cha vile vizibo ukinuse. Kikiwa na harufu ya ardhi baada ya mvua, mambo ni salama. Kikinuka kama yai viza na kuwa na mstari mweusi katikati, udongo umekosa hewa na bakteria wa salfa wameshika usukani. Grini ya namna hiyo inaweza kuwa kijani kibichi Jumatatu na kuanguka Ijumaa.

Hufanyika nyasi zikiwa na nguvu ya kukua, kwa sababu ndipo zitafunga makovu upesi, kwa kawaida wiki mbili hadi tatu. Bahati mbaya ndio msimu ambao wachezaji nao wanautaka uwanja. Kuahirisha ili kuwapendeza huleta matobo yasiyofunga kwa miezi miwili.

Mchanga unaomwagwa juu ya nyasi ni wa nini?

Unafanya kazi tatu: unajaza vibonde vidogo ili mpira usirukeruke, unachanganyika na lile godoro ili lisiwe tabaka moja nene, na unashikilia mashina wima. Old Tom Morris, aliyetunza uwanja wa St Andrews huko Scotland katika karne ya 19, ndiye anayetajwa zaidi kama mwanzilishi wa desturi hii.

Kidogo kidogo, kila wiki mbili au tatu nyasi zikikua, ni bora kuliko lundo mara moja kwa mwaka. Safu ya nusu milimita kwa grini ya mita 500 ni robo mita ya ujazo, kama kilo 400. Usambazwe ukiwa mkavu juu ya nyasi kavu, kisha upigwe brashi mpaka uingie chini ya majani. Na mchanga usibadilishwe kwa sababu tu mwingine umepatikana rahisi. Safu ya mchanga laini juu ya mchanga mnene inazuia maji kushuka, na ukishaiweka huwezi kuiondoa. Utaishi nayo na kuitoboa miaka kumi.

Grini hunyweshwa maji kiasi gani?

Kiasi ambacho zimepoteza, na pengine pungufu kidogo. Siku ya joto na upepo nyasi na udongo hupoteza milimita 5 au zaidi. Milimita 1 juu ya mita ya mraba ni lita 1, kwa hiyo milimita 5 kwenye grini ya mita 500 ni lita 2,500, mapipa 12 na nusu ya lita 200. Kwa grini 18 ni lita 45,000 kwa siku moja.

Wakati mzuri ni alfajiri, kabla ya jua: upepo umetulia, na majani yatakauka mapema. Kumwagilia jioni huyaacha majani yamelowa usiku kucha.

Vinyunyizi vya mzunguko humwaga sawa kila mahali, lakini grini haikauki sawa kila mahali. Kilima hukauka, bonde hubaki limelowa. Mtunzaji mzuri hutumia vinyunyizi kwa ujumla, kisha anatembea na mpira wa maji mkononi na kipimo cha unyevu chenye vijiti vya chuma, akinywesha pale penye kiu tu. Kazi hii haina njia ya mkato. Nikiajiri kibarua, namtazama anavyoshika mpira wa maji kabla ya kumpa mashine yoyote.

Nyasi yenye kiu hutoa dalili mapema. Rangi yake inaingia ubuluu wa kijivu, na ukiikanyaga alama ya kiatu inabaki badala ya kuinuka. Una saa chache tu hapo. Adhuhuri ya joto kali unaweza pia kuwapa majani manyunyu ya dakika moja. Hayo ni ya kupoza majani, hayafiki kwenye mizizi na hayakusudiwi kufika.

Kosa la kawaida zaidi katika kazi hii ni maji mengi. Grini iliyoloweshwa inaonekana nzuri kwa macho, kijani tele, na kila mtu anasifu. Chini yake mizizi inakufa kwa kukosa hewa.

Tunamwaga maji kila siku, lakini kuna madoa yaleyale makavu. Kwa nini?

Toa kizibo cha udongo kwenye doa hilo, kiache kikauke, ukilaze, na udondoshee matone ya maji kuanzia juu kwenda chini. Kama tone limekaa juu ya mchanga limeviringana kama ushanga, bila kuingia, umepata jibu. Chembe za mchanga zimefunikwa na utando wa mafuta ya asili kutoka kwa mimea na kuvu wanaooza, na zinakataa maji. Ukiongeza maji yatateleza kwenda pembeni na kuzidisha tope huko, doa libaki vumbi.

Dawa ni kutoboa matundu madogo, kuweka dawa ya kusaidia maji yapenye, ambayo kwa utendaji ni jamaa ya sabuni, na kunywesha polepole kwa mkono mpaka udongo ulainike. Kuzuia ni rahisi kuliko kutibu: usiruhusu mchanga ukauke kabisa hata mara moja.

Mbolea je?

Kidogo sana, mara nyingi. Kiwango cha kawaida cha mnyunyizo mmoja ni nusu gramu ya nitrojeni kwa mita ya mraba, kila wiki moja au mbili. Kwa grini ya mita 500 hiyo ni gramu 250 za nitrojeni, sawa na gramu 540 hivi za urea iliyoyeyushwa vizuri kwenye maji. Wakulima wakisikia kiasi hicho hawaamini. Lakini hapa hatuvuni chochote. Tunataka nyasi ikue kiasi cha kufuta alama za viatu na mipira, na isizidi hapo.

Pima kwa kapu la mashine. Andika kila siku makapi yaliyotoka kwenye kila grini. Yakijaa kupita kawaida, punguza mbolea. Yakiwa kiganja kimoja na makovu hayafungi, ongeza. Ukihitaji rangi kwa ajili ya mashindano, tumia madini ya chuma: huleta kijani bila kuharakisha ukuaji.

Mbona asubuhi mnaburuta kamba au kupiga grini kwa fimbo ndefu?

Tunaondoa umande. Kuvu wengi wanaoshambulia grini wanahitaji jani libaki limelowa kwa saa nyingi ili wapenye. Ukifika alfajiri ukaburuta mpira wa maji kutoka ukingo hadi ukingo, matone yanaanguka na jani linakauka mapema. Tena matone hayo si umande mtupu: sehemu yake hutoka ndani ya jani lenyewe, yakiwa na sukari, na kuvu wanaipenda.

Ugonjwa unaosumbua zaidi huanza na madoa ya rangi ya majani makavu, ya duara, yasiyozidi sarafu, na asubuhi na mapema unaona juu yake nyuzi nyeupe kama utando wa buibui. Nyuzi hizo zikiguswa na jua zinatoweka, kwa hiyo anayelala hazioni. Nyasi zenye njaa ya nitrojeni hupatwa zaidi. Dawa za kuvu zipo na zinasaidia, lakini kuvu huzoea dawa moja ikirudiwarudiwa. Badilisha makundi ya dawa, na fuata kipimo kilichoandikwa kwenye lebo bila kuongeza.

Kasi ya grini hupimwaje?

Kwa kifaa kinachoitwa stimpmita. Edward Stimpson, mchezaji wa Massachusetts, alikibuni mwaka 1935 baada ya kutazama mashindano ya U.S. Open huko Oakmont na kuona mipira ikikimbia mno. USGA ilikiboresha na kuanza kukitumia katika miaka ya 1970. Ni mchirizi wa alumini wenye urefu wa sentimita 91 na kikato cha kuweka mpira. Unauinua taratibu, ukifika kwenye mwinamo wa nyuzi 20 hivi mpira unajitoa wenyewe. Unapima mipira 3 upande mmoja, 3 upande wa pili, mahali tambarare, na wastani wake kwa futi ndio kasi.

USGA ilipopima viwanja vingi vya Marekani katika miaka hiyo ya 1970, wastani ulikuwa kama futi 6 na nusu. Leo wanachama wa klabu ya kawaida wakiambiwa 8 wananuna, na mashindano makubwa huenda 12 na zaidi. Naona hasara hapa. Kifaa kilibuniwa kusaidia grini zote za uwanja mmoja zilingane, nacho kimegeuzwa kuwa kipimo cha fahari. Grini iliyojengwa zamani na miinuko ya asilimia 4 au 5 ilichezeka vizuri kwenye futi 7. Ukiifikisha 11, mpira hausimami karibu na shimo, na sehemu za kuweka bendera zinabaki mbili tatu, ambazo zinakanyagwa mpaka zinakufa. Lenga kulingana kwanza. Mchezaji anazoea 9 iliyo sawa kila mahali. Hawezi kuzoea 8 hapa na 11 pale.

Basi kasi huongezwaje bila kunyoa nyasi?

Kwa rola. Kupitisha rola jepesi siku ambayo hukukata huongeza kasi na kulainisha uso, na utafiti wa chuo kikuu cha Michigan State umeonyesha kuwa hata ule ugonjwa wa madoa ya sarafu hupungua. Mchanga mwepesi wa mara kwa mara, brashi, na dawa za kudhibiti ukuaji husaidia pia. Kushusha kisu liwe jambo la mwisho kufikiriwa.

Shimo huhamishwa vipi, na kwa nini?

Linahamishwa kwa sababu nyasi zinazolizunguka ndizo zinazokanyagwa kuliko zote. Uwanja wenye watu wengi huhamisha kila siku. Shimo lina kipenyo cha milimita 108 na kina kisichopungua milimita 101.6, na kikombe kinachowekwa ndani hushuka angalau milimita 25.4 chini ya uso wa grini.

Kikata shimo hutoa gogo la udongo lenye nyasi juu, na gogo hilo ndilo linalozibia shimo la jana. Ufundi wote uko kwenye uzibaji. Likibaki juu, mashine italinyoa kesho na utaona duara la kahawia. Likizama, mpira utapinda. Pasua kidogo udongo wa chini ya shimo la zamani, weka gogo, ligandamize kwa mguu, pitisha kiganja juu, si jicho peke yake, kisha limwagie maji mpaka lishibe. Mahali papya pawe angalau hatua nne kutoka ukingoni, na mwinamo wa pembeni mwa shimo usiwe mkali kiasi cha mpira kushindwa kusimama.

Nirekebisheje alama ya mpira wangu?

Ingiza kijiti pembeni mwa kovu na usukume nyasi kuelekea katikati, ukizunguka pande zote, kisha bonyeza kwa pata yako, ile fimbo ya kuviringishia mpira. Usichomeke chini na kuinua juu: hapo unakata mizizi na kuleta udongo usoni. Likirekebishwa vizuri linafunga kwa siku chache. Likiachwa huchukua wiki kadhaa. Tangu mwaka 2019 kanuni zinakuruhusu kurekebisha karibu uharibifu wowote kwenye grini, zikiwemo alama za viatu, kwa hiyo hakuna sababu ya kupita.

Mashine imevuja mafuta juu ya grini. Tufanye nini?

Itoe nje moja kwa moja, bila kugeuka na bila kusimama. Nilipokuwa kijana kazini, bomba la mafuta lilipasuka kwenye mashine tuliyokuwa tumeiazima, asubuhi mbili kabla ya mashindano. Dereva alikuwa akitazama mbele akamaliza mistari minne. Tukaosha kwa sabuni na maji mengi, tukamwaga mchanga wa kunyonya, na mistari yote minne ikafa ilivyopangwa, kama imechorwa kwa rula. Mafuta yalikuwa ya moto; joto liliua majani kabla ya sabuni kufika. Sabuni na mchanga bado vinafaa, kwa kuwa vinazuia mafuta yasikae kwenye udongo. Ila mistari yenyewe ilipona kwa vipande tulivyokata kutoka kitalu chetu, grini ndogo ya akiba iliyokatwa na kulishwa sawasawa na nyingine. Uwanja usio na kitalu hauna pa kukimbilia siku hiyo.

Grini mpya hufunguliwa baada ya muda gani?

Bermuda iliyopandwa kwa vipandikizi kwenye joto huweza kuwa tayari kwa miezi mitatu hivi. Benti ya mbegu huhitaji muda mrefu zaidi, mara nyingi msimu mzima na ziada. Ng'oa kidogo uangalie mizizi kabla ya kuangalia kalenda.

Kwa nini grini moja huwa mbovu kila mwaka, ilhali nyingine 17 ni nzuri na dawa ni ileile?

Kwa sababu tatizo mara nyingi halimo kwenye dawa. Nenda ukaisimamie siku nzima. Simama hapo saa moja asubuhi, saa tatu, saa sita, saa tisa, na kila mara uchore kwenye karatasi kivuli kilipofika. Bermuda inataka karibu saa 8 za jua kamili ili ikubali kukatwa fupi, na jua la asubuhi lina faida ya ziada, maana linakausha umande. Tazama kama upepo unapita au hewa imesimama kati ya miti. Tazama watu wanatokea wapi: grini yenye njia moja ya kutokea inakanyagwa ukanda mmoja mpaka unakuwa kama sakafu. Wakati wa mvua kubwa vaa koti uende uone maji yanatoka upande gani, na kama ukingo umejijenga kwa mchanga wa miaka mingi ukawa boma linaloyazuia.

Kisha kata kizibo kwenye grini hiyo na kingine kwenye grini yako bora, uviweke sambamba juu ya ubao. Pima mizizi kwa rula. Ukikuta sentimita 12 kwenye moja na 3 kwenye nyingine, waonyeshe wanakamati vizibo vyenyewe pamoja na ile karatasi ya kivuli, kisha ombeni ruhusa ya kupogoa miti iliyo upande wa mashariki.